Chumba cha Chumvi

Hadubini ni moja, na jicho lake lina ufa.
Watoto ishirini na wawili wamepanga foleni
kama watu wa mkate. Moynaq, mwezi wa tatu,
upepo unasugua madirisha kwa vumbi jeupe
ambalo enzi za babu zao lilikuwa sakafu ya bahari.

Tone la kwanza nimelichota mfereji wa pamba.
Humo paramesi anakwenda mshazari,
kandambili iliyoota nywele.
"Itazameni nyota," nasema. "Inavimba, inafumba."
Maji matamu humwingilia bila hodi,
kutwa kucha, kutoka kila upande,
naye hana mlango wa kufunga.
Ana vakuoli: hukusanya, hujaa, hukamua nje,
hukusanya, hujaa.
Asipomwaga atapasuka.
Aytgul anahesabu kwa kidole mezani: sita kwa dakika.

Kisha Sarsenbay, mtundu, anadondosha punje ya chumvi
aliyoikwangua ukutani kwao.
Nyota inakawia. Mbili. Moja.
Wanadhani amekufa.
La. Hana tena cha kumwaga.

Ngozi ya kitunguu chekundu, sasa:
vyumba vimepangwa kama matofali,
na kila chumba, karibu chote, ni ziwa la zambarau
lililojisukuma hadi ukutani.
Ndiyo maana jani husimama bila mfupa,
maji yakisukuma, ukuta ukikataa.
Natia chumvi. Ziwa linanywea,
linajikunyata katikati,
ukuta umebaki wima, haukumbatii kitu.

Darasa likanyamaza.
Sikuwaambia lolote. Picha hiyo
wanaiona kila asubuhi wakitoka nje.

(Nyumbani mama mkwe anakanda unga.
Namweleza kwamba hata hamira ina kifuko chake,
ghala wakati wa shibe,
na njaa ikizidi, humeng'enya humo
vyombo vyake yenyewe vilivyochakaa, ili iishi.
"Kama sisi mwaka ule wa baridi," asema Biybiraba,
bila kuinua macho, "tulipochoma viti.")

Mwisho, saksauli. Nimekata kijiti chake
kwa wembe, chembamba hadi mwanga upite.
Mti huu haukimbii chumvi.
Huikaribisha ndani, kisha huifungia.
Kwenye utando wa vakuoli wamesimama mabawabu
wanaoipokea sebuleni, chembe kwa chembe,
na kuisukuma chumba cha nyuma,
kwa gharama, bila likizo,
ili jikoni, penye kazi ya uhai, pasichache.
Na chumvi hiyohiyo iliyofungiwa
ndiyo inayoyavuta maji kutoka udongo mchungu.
Adui kageuzwa kamba ya kisima.

"Na sisi, mwalimu?" akauliza Sarsenbay.
"Chumba chetu kiko wapi?"

Nikasema seli zetu hazina ziwa.
Zina vifuko vya kupita tu, vidogo:
humeza, husaga, hutupa.
"Chumvi je?"
"Tuna figo," nikasema,
nikajuta kabla neno halijatua.
Mama yake hupelekwa Nukus mara mbili kwa wiki
kulazwa kando ya mashine.
Akatikisa kichwa kwa upole, kama anayenisamehe.
Anazijua figo kuliko mimi.

Jumamosi lori la misitu lilitupeleka
mahali ambapo ramani ya zamani ukutani kwetu
bado ni ya buluu.
Miche kumi kila mtoto. Mashimo yalikuwa tayari.
Aytgul alipanda yake kwa mstari, akaidai kumi mingine.
Sarsenbay alimaliza wa mwisho,
akabaki amechuchumaa, sikio karibu na kijiti,
kana kwamba angewasikia mabawabu
wakihamisha mizigo.

Dereva akapiga honi. Akapiga tena.
Hakuinuka hadi ya tatu.