Punje za Manjano

Nyuma ya tuta linaloizuia Bahari ya Kaskazini,
hapa ardhi ilipo chini kuliko maji
na pampu ndizo zinazoturuhusu kulala,
nina mistari minne ya sukuma wiki.
Wenyeji tunaiita mnazi wa Frisia
kwa kuwa hurefuka mpaka kifuani,
shina tupu, kichwa timtimu.
Mnazi usio na nazi wala kivuli.
Aliyeupa jina alikuwa akitania, au ana njaa.

Njiwa walitangulia, mwezi wa Mei.
Nikawatandazia wavu. Wakatua juu ya wavu,
wakaulemea, wakadonoa kupitia matundu
kama wageni waliopewa uma.
Nikasimika fito, nikauinua, nikaukaza kwa mawe.
Kisha koa, na mvua yao.
Jivu la jiko liliwazuia usiku mmoja;
mvua ikalizoa, wakarudi bila kinyongo.

Koa namsamehe. Koa ana haya, hutembea gizani.
Lakini kipepeo mweupe,
yule aliyechovya ncha za mbawa kwenye wino,
huja mchana kweupe kama karani wa ushuru,
agusa hili, agusa lile,
agonga muhuri upande wa chini wa jani
ambao huuoni mpaka uiname.

Na kuinama kwangu kuna gharama.
Miaka thelathini na mmoja niliandika vimo vya maji
kwenye daftari la pampu, asubuhi na jioni,
na mkono uliozoea daftari haustaafu.
Basi kila magharibi, baada ya kikombe cha tatu cha chai,
sukari ya mawe ikiwa bado inalia chini,
nashuka na kopo la maji ya sabuni,
nageuza jani, nageuza jani.
Viwavi kumi na saba. Arobaini. Jumanne, mia na sita.
Naandika.

Ubbo, jirani, haandiki kitu.
Ubbo hulala kwenye kiti cha turubai, kofia usoni,
magugu yake yanachungulia kwangu,
na sukuma yake, Mungu anisamehe,
haina matundu kuzidi yangu.
Nilisema ni bahati. Nilisema ni kinyesi cha farasi wake.

Sasa hizo punje.
Ndogo kuliko mtama, manjano, zimefumwa kwa nyuzi,
zimerundikana ubavuni mwa kiwavi aliyesinyaa.
Mayai, nikasema, amekufa akizaa, mlafi huyu.
Nikaziponda kwa kidole gumba.
Miaka tisa niliziponda. Kwa makini.
Kwa raha kidogo, pia.

Ila kiwavi hazai.
Hilo nililijua tangu darasa la tatu,
nikalijua na kuponda, nikalijua na kuponda,
mpaka Septemba hii niliposahau jani moja
ndani ya chupa ya achari, kibandani, kifuniko kimefungwa.
Siku ya nane nilikwenda kutafuta kamba.
Chupa ilikuwa na uhai.
Nyigu, wembamba kama herufi,
ishirini na kitu, weusi, wakipanda kioo,
wale wanaotaga ndani ya kiwavi
na watoto wao humla polepole, bila makelele,
kisha hutoka na kujisokotea
punje za manjano.

Nilikaa juu ya ndoo.
Nikafungua daftari, nikatafuta safu ya kuwaandika
askari niliowaua lindoni kwangu.
Hakuna safu ya namna hiyo.

Nilibeba chupa mpaka katikati ya mistari, nikaifungua.
Hawakunishukuru. Mmoja alitembea juu ya ukucha wa gumba,
gumba lilelile, akaruka
upande wa Ubbo.

Jalidi ya kwanza imeshuka usiku wa leo,
na majani yameanza kupata utamu.
Nimechuma furushi, matundu na yote.
Ubbo amekoroma mpaka saa nne.
Sijamwambia kitu.
Lakini magugu yaliyovuka uzio
nimeyaacha, kwa sasa, yachungulie.