Pipa Jekundu

Kasha tulilinunua Nyawera, lina kovu ubavuni.
Feni ililetwa na dereva wa Uvira ndani ya gunia la mchele.
Vijiti viwili vya kumbukumbu Cirhuza alivipatania asubuhi nzima,
akarudi akitembea kama aliyebeba mayai.
Diski ndiyo ya Kadutu. Dola kumi na mbili, haina dhamana.
"Inatosha, shangazi," akasema
huyo mwenye miaka kumi na saba
aliyekaza kila kitu kwa bisibisi ya cherehani yangu.

Mimi ni fundi nguo. Najua kitu kinapokaa mahali pake:
hutoa mlio mdogo, kama kibonyezo cha blauzi.
Usiku ule niliisikia milio hiyo mmoja mmoja
juu ya meza ninayokatia vitambaa,
mkasi umelazwa mbali,
na chini ya kompyuta kitenge cha harusi ya mtu, hakijalipwa.

Umeme ulirudi saa tatu kasorobo.
Skrini ikabaki nyeusi
muda wa kumtaja Mungu mara mbili,
halafu maandishi meupe yakateremka
kama maji ya mfereji mvua ikinyesha Cimpunda.

Ikaanza kuuliza. Sikujua kwamba huwa zinauliza.
Lugha gani? Cirhuza akachagua Kifaransa.
Nikamtazama.
Akapanda tena orodha, akatutafuta, tukapatikana.
Saa za mji gani? Bukavu haimo.
Imo Lubumbashi.
"Majira ni yale yale, shangazi."
Sawa. Ila mtu mmoja tu, huko wanakoandika orodha,
angetukumbuka.

Kisha: Futa diski yote? Vilivyomo vitapotea.

Kidole chake kilikuwa tayari kwenye kitufe.
Nikamwambia ngoja. Sijawahi kupasua koti kuukuu
bila kwanza kupapasa mifuko.
Akanung'unika, umeme ni wa kukopa. Akafungua.

Picha mia tatu na kitu.
Mwanamke amesimama kando ya pipa jekundu.
Mtoto na kofia ya ubatizo, imemzidi.
Meza ndefu, soda, mtu aliyekatwa kichwa na mpiga picha.
Nyuma yao ziwa, lakini ziwa lipo Kalehe, lipo Goma, lipo kwetu.
Mwanamke yule yule, amenenepa.
Mwanamke yule yule, amekonda.
Halafu pipa peke yake.

Taa ikafinya jicho.
Flashi aliyokuwa nayo ilijaa masomo na nyimbo.
Sikumwomba. Alifuta nyimbo.
Picha zikahama taratibu, nami nikaitia flashi
kwenye kopo la vifungo,
pamoja na vile ambavyo hakuna aliyerudi kuvidai.

Ndipo akabonyeza ndiyo.
Asilimia kumi. Thelathini na mbili. Nikakunja pindo la gauni.
Sitini na moja, umeme ukakatika,
na kilima chote kikasema aah.
Feni ikazunguka kidogo kwa mazoea, ikaacha.

Nilidhani atalia. Alicheka gizani.
"Itaanza upya tu. Haina kinyongo."

Tuliikesha kwa zamu, kama mgonjwa.
Saa kumi alfajiri balbu ikawaka, na maswali yale yale,
safari hii tukayajibu kama watu wanaojua njia.
La mwisho ndilo hatukuwa tumelifikia:
Jina la mashine?

Nilidhani ataandika lake. Akanigeukia.
"Andika Pipa."
"Pipa?"
"Jekundu, kama inaruhusu."
Haikuruhusu nafasi katikati, ikawa neno moja.

Sasa vipimo vya wateja vimo humo: kiuno, bega, deni.
Kila asubuhi jina hilo linatokea kwanza,
na mteja akiliona hugeuka kulitazama kasha,
ambalo ni la kijivu.