Swali la Kumi na Saba

Umewahi kunyimwa viza, nchi yoyote, wakati wowote?
Visanduku viwili: Ndiyo. Hapana.
Kishale kinapepesa kama jicho la mtu
anayelijua jibu ila anataka ulitamke mwenyewe.

Ndiyo.

Mwaka juzi, katikati ya mvua, niliomba wiki tatu tu.
Dada yangu Rasana alikuwa Melbourne, mimba ya miezi minane,
miguu imevimba, mumewe zamu za usiku.
Nilishafunga mzigo: samli ya mama chupa mbili,
mbegu za uwatu za uji wa mzazi.
Jibu likaja kwa mistari minne.
Hujaolewa. Huna nyumba. Huna mshahara.
Hatujaridhika kwamba utarudi.
Samli tukaungia dengu hadi ikaisha,
hakuna aliyeisifia.

Mtoto alizaliwa bila mimi. Sasa anatembea,
anaikimbilia simu, anabusu kioo,
na uso wangu huko kwao unaingia ukungu.

Basi safari hii naomba kusoma.
Sitaficha: mwanzoni ilikuwa hila.
Ajenti wa Putalisadak, ghorofa ya tatu, alinipangia kozi
kama muuza viatu: hii ya upishi inawatosha wengi,
hii ya uhasibu imeanza kubana.
Mwisho wa orodha, kwa herufi ndogo:
uhifadhi wa vyuma vya kale.
"Hiyo haina soko," akasema, akifunua ukurasa.
Nikaushika ukurasa.

Baba yangu, Herakaji Shakya, ni mfua shaba wa Patan.
Tangu nina miaka tisa nang'arisha miungu:
ndimu, mchanga, kitambaa; ndimu tena.
Tetemeko liliposhusha paa la karakana
tulifukua sanamu moja chini ya matofali, mkono umekatika.
Baba akauunga. Kwa macho, ukapona.
Lakini kila mvua kutu ya kijani hurudi palepale kwenye kiungo,
tunaisugua, inarudi,
na karakana nzima, vizazi sita vya nyundo,
hakuna anayejua kwa nini.

Hilo ndilo niliandika kwenye barua ya nia.
Niliketi usiku nitunge uongo wa kurasa mbili.
Alfajiri nikajikuta nimesema kweli,
nikaogopa kuliko nilipokuwa nadanganya.

Fedha za Mjomba Purna zimo kwenye akaunti yangu,
zimekaa kama wageni wasiovua viatu.

Jumanne nilikwenda kutoa alama za vidole.
"Bonyeza." Mashine ikakataa.
"Bonyeza tena." Ikakataa.
Yule binti wa dirishani akanigeuza viganja:
"Dada, unafanya kazi gani?"
Nang'arisha miungu, nikasema. Hakucheka.
Akanipa kitambaa chenye maji,
na gumba la kushoto, baada ya mara ya saba,
likaacha mistari mitatu hafifu.
Mchanga ulikuwa umekula mingine yote.

Afisa, sikujui, nawe hunijui.
Mwaka juzi uliniuliza nitarudia nini,
nikatafuta hati ya nyumba, nikakosa, nikanyamaza.
Leo nina mkono wa shaba unaoota kijani.
Sijui kama unahesabika.
Na ndiyo, nitamwona mtoto pia, siku za Jumapili;
fomu haina kisanduku cha hilo,
ila sitaki uje ulikute mahali pengine.

Chini ya Ndiyo pana nafasi ya kueleza.
Nimeandika, nimefuta, nimeandika.
Jikoni mama ameanza kuyeyusha siagi.
Nimemwambia asubiri, jibu ni wiki nane au zaidi.
Anakoroga tu.
Ameniuliza chupa zile mbili niliziweka wapi.