Kwa Sababu ni Wewe

Nilishuka Gerezani na laki nne pindoni,
nimefunga fundo mbili, la pili la wasiwasi.
Kitrekta kilisimama kati ya jenereta na pampu,
rangi nyekundu mbichi juu ya kutu,
suti ya kuazima juu ya fulana iliyotoboka.

"Hakijamaliza hata msimu," akasema Msuya.
Nikainama. Meno yake yameliwa
kama ya bibi yangu mla tambuu.
"Laki nane na nusu. Ya mwisho, saba.
Kwa sababu ni wewe."
Jina langu hakuwa ameniuliza.

Kiwashe, nikamwambia.
Akavuta kamba: kikakohoa.
Akavuta tena: kikakohoa, kikatema.
Ya tatu kikaruka kama mbuzi aliyeona kisu,
moshi ukavamia mitumba ya jirani,
matusi yakafuata moshi.
Wote tulicheka. Mimi nilicheka huku nahesabu:

matuta kumi na manane bondeni Bonyokwa,
mchicha, figiri, matembele,
kila tuta nusu siku ya jembe,
na mgongo
hauuzwi spea, hata Kariakoo.

Nikamwachia namba ya simu, nikaondoka na fundo zangu.

Jumamosi nikakodi cha Kibwana Pazi, wa Kinyerezi.
Elfu kumi na tano kwa saa, mafuta juu yako,
na saa yake huanza kutembea
yeye bado anapuliza chai.
Kikaingia udongoni kwa pupa,
kikafukua ndala moja, kijiko, waya wa antena,
vitu vilivyoletwa na mafuriko vikakosa mwenyewe.
Bi Zamoyo akaacha ndoo yake ikifurika bombani,
akasimama kuangalia.

Saa moja na robo. Yamekwisha.
Nikakaa kwenye tuta la mwisho, jua bado halijafika utosini,
sijui mchana wote huu niuweke wapi.
Mikono iliendelea kulima peke yake,
chai ikamwagika kwenye sahani.

Laki saba gawa kwa elfu kumi na tano:
saa arobaini na sita na ushee.
Nikaandika kwa kijiti, nikafuta kwa kisigino,
nikaandika tena. Bi Zamoyo akauliza,
"Na tukiwa wawili?"

Kabla sijajibu, simu ikaita.
"Mama, laki sita na nusu. Kwa sababu ni wewe."
"Mimi nani?" nikamuuliza.
Akanyamaza. Nyuma yake nikasikia kamba ikivutwa,
na kitu kikikohoa.