Tambarare, Unaweza

Kutosi amelala chini ya gari langu,
miguu tu inaonekana, ndala moja imefungwa kwa waya.
"Mwalimu," anasema, "klachi imekwisha.
Na flaiwili ina nyufa. Inama uone."

Sitaki kuona.
Wiki tatu tu tangu nihesabu noti kule Namakwekwe,
muuzaji akipapasa boneti kama mgongo wa ndama:
"Lilikuwa la daktari. Hakupenda safari."
Daktari gani huyo, asiyesafiri,
aliyeila klachi hadi mfupa?

Kahawa ya misimu miwili imo humu.
Nambozo alitaka mabati.
Nikamwambia, mabati hayatufikishi sokoni.

Kutosi ananipa kisahani mkononi,
cheusi, chembamba, bado kinanuka moto.
Bei anaitaja kwa sauti ya chini,
kama anayeleta habari za msiba:
milioni moja na laki nane.
Hapo bado ufundi.

"Na nikiendesha hivi hivi?"
Anafuta mikono kwa fulana kuukuu, anafikiri.
"Tambarare, unaweza."

Nainua macho: Wanale,
maji yake yakishuka jabalini kama uzi mweupe,
na kando yake ile barabara nyekundu
inayopanda, inayopanda,
mpaka kwangu.