Kwa Fundi Mizani

Duka la Vrajlal, Barabara ya Soko, Tanga,
lilikuwa na mlango mmoja na nusu;
nusu ya pili ilikwisha gongomewa mbao.
Ndani, mizani zilizolemaa zikining'inia
kama kuku wa sikukuu,
na mimi nikizikwangua kutu siku sita kwa wiki,
mikono inanuka mafuta ya taa.

Kitabu chake kilikaa kwenye droo ya misumari,
kimevishwa kitambaa chekundu, pembe zimeliwa na mchwa.
Kabla ya chai alisoma ukurasa mmoja, midomo ikicheza,
kisha akanitafsiria kwa Kiswahili cha Ngamiani,
safi kuliko changu.
Mimi wa chuoni kwa Maalim Mwakidudu,
niliyehitimu juzuu kabla ya meno ya pili,
nilimpa sikio moja.
Vita vya magari ya farasi! Vinanihusu nini
mwenye deni la unga kwa Mpemba?

Hata ikaja barua ya mahakama.
Nyumba ya mama, Makorora, vyumba vinne na choo cha uani,
Mjomba Chande kaiandika kwa jina lake.
Shahidi ni mimi.
Na ni huyo huyo aliyenibeba mabegani
kwenda kuchanjwa surua.

Nikaweka bisibisi chini. "Siendi."

Mzee alifungua droo, asifungue kitabu.
Akasema yule mwenye upinde naye aliketi,
katikati ya majeshi mawili, magoti maji,
maana upande wa pili aliwaona wajomba.
"Wajomba?"
"Wajomba, Mwanamkuu. Na mashemeji. Na mwalimu wake."

Chai ikapoa.

Sikuuliza kama alishinda.
Niliuliza dereva wake alimwambiaje.
Vrajlal akanitia jiwe la ratili kiganjani.
"Hili kazi yake ni kuwa ratili.
Chungwa la Muheza likipungua, jiwe halilii.
Mwenye duka akila hasara, jiwe halijimegi.
Kupima ni kwako. Kilichopimwa si chako."
"Hayo yamo kitabuni?"
"Jiwe ni langu," akasema. "Mengine yamo."

Jumatatu nikapanda baiskeli hadi Mahakama ya Mwanzo.
Nikamwamkia mjomba; akaitikia akitazama viatu.
Nikasema niliyoyaona:
mama akihesabu noti kitandani,
fundi akipokea,
mjomba akiwashikia taa.
Sikuongeza nukta, hata ile ya kumchoma.
Sikupunguza, hata ile ya kumsitiri.
Hakimu akasema, rudini tarehe kumi na tisa.

Nikarudi dukani na sketi ile ile ya mahakamani.
Mizani ya muuza dagaa ililalia kushoto.
Nikaikwangua, nikaitia tone la mafuta,
jiwe huku, jiwe kule,
nikaondoa mkono.
Sindano ikatetemeka. Ikatetemeka.
Sikuisubiri, nikaenda kuosha vikombe.

Leo ni tarehe kumi na saba.
Nina mizani nne za kumaliza.