Mdogo wa Baba

Wolverhampton, Februari. Kampuni nne, mwavuli mmoja:
ya kufua shuka za hospitali, ya mikate,
ya malori, ya walinzi wa usiku.
Nimepewa miezi mitatu nizisome kanuni zao zote,
nizishone ziwe nguo moja.

Kwa walinzi, mzazi akifa, siku tatu.
Kwenye malori, tano.
Kwenye mikate, "kwa hiari ya msimamizi",
na hiari ya Bwana Pritchard ilishachacha zamani.
Shangazi hayumo popote.

Nafungua faili la Gurnam Dhaliwal, dereva.
Aliomba siku mbili, amefiwa na mdogo wa baba.
Kalamu nyekundu: *si jamaa wa karibu.*
Usiku uleule aliendesha hadi Carlisle na kurudi.
Tarehe ipo. Maili zipo.

Mimi, mwaka nilipofiwa na mama mdogo,
niliandika "mama", nikapewa tano.
Sikudanganya.
Lugha yangu ndiyo iliyonijazia fomu.

Leo, mbele ya wakurugenzi na biskuti zao,
nimeufuta ukoo wote kwenye orodha, nikaandika:
*aliyekulea, au uliyemlea.*
Mhasibu akauliza, tutathibitishaje?
Doreen wa kufulia, miaka thelathini na mmoja mvukeni,
aliyealikwa tu kujaza kiti,
akasema: mtazameni usoni akirudi kazini.

Wameahirisha hadi Alhamisi.
Nachapa upya, nakala nane,
herufi kubwa kidogo.